Gome Lililotoka Zima

Katika ukoo wa Mhoja watu hawakujisifia ng'ombe wala mashamba. Walijisifia miguu. Minza aliligundua jambo hilo siku ile ile ya posa, huko kwao Nzega, pale wazee wa upande wa mume walipokaa kwenye vigoda na, badala ya kuzungumzia mahari, wakaanza kusimulia habari za Masolwa, mzee wao wa zamani, aliyekwenda pwani mara tatu na kurudi enzi za misafara, pembe ya ndovu begani, na hata siku moja hakuomba kupumzishwa. Minza alikuwa jikoni anasikiliza. Alibana kicheko kwa kanga, akajiuliza kama anaolewa na mtu au na jozi ya miguu.

Baadaye, alipokwisha kuhamia kijijini kwa mumewe, mwendo wa saa nzima kutoka stesheni ya Kigwa, aliona kwamba habari ile haikuwa ya kuwafurahisha wakwe tu. Walikuwa wanaiishi. Mtoto akichomwa na mwiba aliruhusiwa kulia kidogo kwa sababu ya mwiba, lakini mguu wenyewe haukulalamikiwa. Mwanamume wa ukoo ule angeweza kulalamikia kichwa, tumbo, mvua, serikali, hata mkewe, na Mhoja alilalamikia vyote hivyo kwa nyakati mbalimbali. Mguu, hapana.

Na kusema kweli alikuwa na miguu ya kusifiwa. Mhoja alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilining'inia msituni, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka alasiri, na alipokwenda kurina alikaa huko siku kumi, akila ugali na uyoga, akivuta msokoto wake wa tumbaku jioni na kuongea peke yake. Alirudi ananuka moshi, macho mekundu, madumu yamejaa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumtania Minza kwamba amenenepa. Minza alimjibu kwamba ni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkasirisha. Miaka thelathini na minne walikuwa wanaambiana hivyo, na hakuna hata mmoja aliyechoka.

Mizinga aliitengeneza mwenyewe, ya magome, kama baba yake. Wakati wa mvua, mti ukiwa umejaa maji, alichagua myombo ulionyooka. Alikata duara juu, akakata duara chini, kisha akapasua mstari mmoja tu kutoka juu hadi chini, umenyooka kabisa. Akaingiza kabari, akabambua polepole huku akiuzunguka mti, mpaka gome lote likaachia na kutoka zima, bomba refu ambalo mtoto angeweza kulala ndani yake. Kingo alizibana kwa vijiti, na pande mbili za mwisho aliziba kwa nyasi zilizosukwa. Hakuna aliyetoa gome kama Mhoja. Gome likipasuka, alisema, nyuki watakuja, watachungulia, watakwenda kwa jirani.

Mti uliobaki ulisimama mweupe, umelowa, siku chache. Halafu majani yakaanza kudondoka. Mwaka uliofuata mti ulikuwa mkavu. Mhoja hakuwa na shida nao, kwa sababu kwa wakati huo yeye alikuwa anaangalia mzinga. Shukrani, bwana nyuki wa kata, alikuja na pikipiki yake kila mwaka kumwambia jambo lile lile: mzee, kila mzinga mmoja unaua mti mmoja, chukua mizinga ya mbao.

"Na mbao zinatoka wapi," Mhoja alimuuliza, "kwenye mihogo?"

Watu walicheka, Shukrani naye alicheka, akapewa asali yake kwenye chupa ya soda, akaenda zake. Minza alicheka pia. Lakini yeye ndiye aliyekwenda kuokota kuni kwenye ile miti mikavu, ile iliyokuwa karibu na mashamba, na kila alipoipiga shoka ikalia kwa ukavu alijisikia vibaya kidogo. Halafu alifunga mzigo wake na kurudi kupika, maana kuni zile ziliwaka vizuri sana.

Mguu wa kulia ulianza kumsumbua Mhoja akiwa na miaka sitini na moja. Hakusema. Minza alijua kwa sababu safari ya siku moja iligeuka kuwa ya siku moja na nusu, kisha mbili. Kigimbi kilikaza akitembea, akisimama kinaachia. Miezi ikapita, kikaanza kuuma hata amelala, na kidole cha pili cha mguu ule kikageuka rangi, kwanza zambarau, halafu cheusi. Hapo hakukuwa na la kuficha tena. Binti yao Bertila, aliyekuwa amepanga chumba Mtendeni mjini Tabora na kuuza asali ya baba yake, alikuja na treni kumchukua.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Minza peke yake alikuwa amelijua. Wiki chache kabla ya hapo walikuwa wanatoka gulioni, yeye na mumewe, na karibu na reli Mhoja alisimama ghafla akainua macho kuutazama mti, kana kwamba anatafuta nyuki. Mti wenyewe ulikuwa mchanga, hauna hata tundu la kuingia sisimizi. Minza aliona mkono wa mumewe ukishuka taratibu kukamata kigimbi, na kigimbi kile kilikuwa cha kushoto. Alijifanya anafunga kanga yake upya. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, akimpa muda.

"Twende," Mhoja alisema mwishowe. "Hakuna nyuki hapa."

Wakaenda, na neno hilo halikuzungumzwa tena.

Mjini walikuta kambi ya madaktari bingwa iliyokuja kwa wiki mbili, watu wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje. Daktari wa mishipa aliitwa Elieth, mwanamke mwembamba wa umri wa Bertila, aliyemwamkia Mhoja shikamoo kwanza kabla ya kugusa faili. Hilo lilimpendeza mzee. Alimpima kwa mashine, miguu yote miwili, akasikiliza damu kwa kidude kilichotoa sauti ya upepo, kisha akavuta kiti akaketi mbele yao.

"Mzee, mshipa unaopeleka damu kwenye mguu wa kulia umeziba hapa pajani. Ni tumbaku hiyo. Sitaweza kuuzibua. Nitatengeneza njia ya mchepuko, kama wanavyofanya barabara ikiharibika, damu ipite pembeni ifike chini. Na njia hiyo nitaitengeneza kwa mshipa wako mwenyewe, ule unaopita chini ya ngozi, upande wa ndani wa mguu. Wa kulia nimeuona, ni mwembamba, haufai. Nitautoa wa kushoto."

"Na huo wa kushoto utabaki na nini?" Mhoja aliuliza.

"Una mishipa mingine ya kurudisha damu. Hautaukosa. Lakini kuutoa kuna namna mbili, na nataka mnisikilize vizuri." Dk. Elieth aliweka kidole kwenye paja lake mwenyewe. "Ya kwanza, nachana kutoka hapa kinenani mpaka karibu na kifundo. Naona kila kitu, mshipa unatoka mzima, haujavutwavutwa. Ubaya wake ni kidonda kirefu, na kidonda kirefu kwenye mguu wenye damu kidogo kinaweza kugoma kupona. Ya pili, natoboa matundu mawili matatu tu, naingiza kamera nyembamba, nautoa kwa ndani. Kidonda kidogo, kinapona haraka. Ubaya wake, mshipa unaweza kuchubuka ukitoka, na ukichubuka unaweza kuziba mapema."

Mhoja alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka. Minza hakuwa amemwona akimsikiliza mtu kwa makini namna ile tangu baba yake afariki.

"Sasa swali langu ni hili," daktari aliendelea. "Kipimo kinaonyesha damu ya mguu wa kushoto si mbaya, lakini si nzuri sana. Ukitembea, huu wa kushoto unauma?"

"Haujawahi kuniuma," alisema Mhoja.

Dk. Elieth aliandika. Kisha akamgeukia Minza, kama daktari mwenye busara anavyowageukia wake wa wagonjwa. "Mama, ni kweli? Hujamwona akiusikilizia?"

Maneno yalikuwepo mdomoni, tayari kabisa. Alisimama kwenye reli, daktari, nilimwona. Lakini mumewe alikuwa ameketi pale, mjukuu wa Masolwa, mgongo umenyooka, mbele ya msichana ambaye angeweza kumzaa, na Minza angefungua kinywa kumwambia mtu mzima kwamba anaongopa juu ya miguu yake. Angeweza kumpinga juu ya jambo lolote lingine. Aliangalia chini, kwenye viatu vya daktari.

"Yeye ndiye anayeujua," alisema.

Daktari alikubali kwa kichwa. "Basi kama hauumi, namna zote mbili zinawezekana. Mimi ningependelea matundu, kwa sababu ya tumbaku. Lakini mguu ni wako, mzee."

Mhoja alicheka, kicheko cha fundi anayemwonea huruma mwanafunzi. Akamweleza daktari habari za magome. Akamwonyesha kwa mikono yake duara la juu, duara la chini, na mstari mmoja ulionyooka. Kuna vijana, alisema, wanaotaka kutoa gome kwa kuchokonoa hapa na pale ili wasichoke, wanalivuta, linatoka na nyufa zisizoonekana, na mzinga wake unavuja mvua ya kwanza. "Kitu unachotaka kukitumia miaka mingi, daktari, unakitoa kizima. Chana. Chana mstari mmoja, usiogope."

Hata daktari alitabasamu. Bertila alimtazama baba yake kwa fahari. Walimpa karatasi akaweka sahihi yake kubwa.

Nje, kwenye benchi, Minza alikaa karibu na mumewe. Halafu akasema, "Baba Bertila. Na mti je?"

"Mti gani tena?"

"Ule unaochunwa."

"Mama Bertila, njaa hiyo," alisema Mhoja, na akamtuma Bertila kutafuta chai na mihogo.

Upasuaji ulichukua saa nyingi na ulikwenda vizuri. Hilo lazima lisemwe, maana watu wa kijijini baadaye walisema mengine. Dk. Elieth alitoka akiwa amechoka, akamwambia Minza kwamba mshipa ulitoka mzima, mzuri, hajapata kuona mshipa wa mzee wa umri ule uliotoka vizuri hivyo. Kesho yake mguu wa kulia, uliokuwa baridi mwaka mzima, ulikuwa na joto. Nesi alimfundisha Minza kuweka vidole viwili juu ya unyayo, mbele ya kifundo, na kungoja. Minza aliweka, akangoja, na kitu kikadunda chini ya vidole vyake, kikadunda tena. Alilia pale pale. Mhoja alimuuliza analia nini na mtu amepona.

Kidole cheusi kilikatwa, hakuna aliyekililia. Mguu wa kushoto ulikuwa na mshono wa urefu wote, na Mhoja alifunua shuka kuwaonyesha wagonjwa wenzake, waliotaka na wasiotaka. "Ona ulivyonyooka," aliwaambia. "Huyu binti angekuwa mrina asali, mimi ningestaafu." Alikuwa ameacha tumbaku siku ile ile aliyoambiwa, bila kugombana na mtu. Alikuwa anapanga safari ya msituni ya mwezi wa kumi.

Kambi ilimalizika, Dk. Elieth akarudi Mwanza. Siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji Minza aliona unyevu chini ya goti la kushoto, mahali padogo kama ukucha. Siku ya kumi na tano nyuzi tatu ziliachia. Baada ya hapo mshono ulifunguka kwenda chini, siku kwa siku, na ngozi ya pembeni ikawa ya kijivu, kisha ikawa na ile rangi ya zambarau ambayo Minza alikuwa anaijua. Walikisafisha kidonda kila asubuhi. Walimpa dawa za sindano, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Manesi walijitahidi, Mungu anajua. Lakini mguu ule haukuwa na damu ya kuponya kidonda kirefu kiasi kile, na Mhoja, ambaye alikuwa amewafunulia watu wote shuka, sasa aliishika kwa mikono miwili mtu akipita.

Homa ilipopanda, daktari wa zamu alimpigia simu Dk. Elieth, wakazungumza, halafu akampa Minza simu kwenye korido.

"Mama, shikamoo. Pole sana," sauti ilisema. "Nataka kukuuliza kitu, si kwa kukulaumu. Ule mguu wa kushoto. Kabla ya upasuaji, kweli haukuwa unauma?"

Minza alisimama pale na simu ya watu sikioni. Alimwambia. Alimwambia habari ya reli, na mti usio na nyuki, na mkono ulioshuka. Alimwambia hata habari ya kanga aliyoifunga na kuifungua. Maneno yote yaliyokuwa yamekaa mdomoni tangu siku ile yalitoka, moja baada ya jingine, bila shida yoyote, na hayakumsaidia mtu.

"Ningetumia matundu," Dk. Elieth alisema polepole. "Hata angekataa, nisingechana. Au ningetafuta mshipa wa mkononi." Kisha akasema, "Na mimi nilikiona kipimo, mama. Nilitakiwa kuuliza mara ya pili. Usilibebe peke yako." Minza alisikia kwamba yule binti naye alikuwa analia.

Waliukata mguu wa kushoto juu ya goti. Mguu uliokuwa mgonjwa ulibaki, ule aliokwenda nao mzima ukazikwa. Bertila aliuliza kama auzike mjini, na Mhoja akasema hapana, uende nyumbani. Walimrudisha na treni. Kigwa walimshusha watu wanne, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na wakati wanamvusha reli alifumba macho.

Shukrani alikuja na pikipiki kumsalimia. Hakutaja mizinga ya mbao. Alikaa, akanywa uji, akazungumzia mvua. Alipoondoka Mhoja alimwita, akamwambia akija tena alete ule mmoja wa mbao, wa mfano, autazame. Shukrani alisema sawa, mzee, na hakujua aangalie wapi.

Mwezi wa kumi ukaja, wengine wakaenda kurina. Asubuhi moja Mhoja alikuwa ameketi mlangoni, magongo mawili yameegemezwa ukutani, anamtazama Minza akipasua kuni. Lilikuwa gogo kavu la myombo, jeupe, halina gome.

"Huo umeutoa wapi?" aliuliza.

"Kule nyuma ya shamba la karanga."

"Ni wangu?"

"Ni wako."

Minza aliendelea kupasua, kwa sababu angesimama angelia, na alikuwa amelia vya kutosha mbele yake.

"Siku ile tukitoka gulioni," Mhoja alisema, "uliniona."

Shoka lilibaki kwenye gogo. "Nilikuona."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Wewe ulishasema haujawahi kuuma. Mimi nimwambie nini?" Sauti yake ilipanda, ya hasira, na hakuwa amejua kama ana hasira. "Miaka thelathini na minne nakusikia wewe na Masolwa wako! Ningekuaibisha mbele ya yule mtoto? Nilikuheshimu, Baba Bertila. Nilikuheshimu, ona sasa!"

Mhoja aliutazama ule mti uliolala uani, kisha paja lake fupi lililofungwa kwa suruali iliyokunjwa na kushonwa vizuri.

"Siku nyingine useme," alisema.

Minza aliacha kuni, akaja kuketi chini karibu naye. Alifanya alichokuwa akikifanya kila asubuhi tangu hospitalini: alishika unyayo wa kulia, akaweka vidole viwili mbele ya kifundo, akangoja. Mshipa ulidunda, una nguvu, haujaziba hata kidogo.

"Mshipa unafanyaje?" Mhoja aliuliza.

"Unafanya kazi vizuri," Minza alisema.